Kitabu Nilichokikodisha Mara Moja Tu

Mtu akikuambia kuna kitabu kinatisha kweli, mwulize kwanza yeye alikirudisha lini. Hilo ndilo swali langu, na hadi leo sijapata lililo bora. Mambo ya jalada yaache. Fuvu la kichwa, damu inayochuruzika kwenye herufi, jicho linalochungulia tundu la mlango, hayo ni sawa na neno "imara" lililogongwa kwenye kandambili. Aliyeligonga ndiye aliyezitengeneza.

Nilijifunza hayo Mwanza, miaka ya mwanzo ya soko huria, nilipokuwa na meza ya kukodisha vitabu vya hadithi karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kabla ya hapo niliuza mitumba. Lakini kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, na kila aliyeruhusiwa aliamua kuuza blauzi zilezile nilizouza mimi. Nikahama. Wachuuzi waliokuja na treni kutoka Dar walileta vitabu vyembamba vya mapenzi, vya upelelezi na vya mizimu. Nikavipima vyote kwa akili ya biashara. Kitabu cha mapenzi mtu anataka kukimiliki, akishakipata humwoni tena. Cha upelelezi, wa kwanza kumaliza anamtangaza muuaji mtaa mzima, na bidhaa inaoza. Mzimu ndio mali. Hakuna anayetaka kumiliki mzimu. Anautaka kwa muda tu, kisha aurudishe kwa mwenyewe.

Masharti yangu yalikuwa mafupi. Unakaa na kitabu siku tatu. Kisipokutisha, unachukua kingine bure. Hilo la pili nililiongeza kwa sababu ya mdomo wangu, na wiki ya kwanza tu likanifundisha kwamba watu wa Mwanza hawaogopi kitu chochote, hasa wakisikia kuna cha bure.

"Dada, huu mzimu wako umenilaza usingizi."

"Mimi nimecheka mpaka mke wangu akauliza nasoma nini."

Nikaacha kusikiliza midomo, nikaanza kutazama wanarudisha lini. Aliyechoshwa na kitabu hukirudisha siku ya tatu jioni, au baada ya hapo akiwa na kisa cha msiba. Aliyetishwa anakuja asubuhi ya kwanza kabisa, umande bado haujakauka mezani, amekishika kwa ncha za vidole kama kambale aliyeharibika. Atakwambia hakikumtisha hata kidogo. Sawa. Mbona basi hakukiacha kilale kwake usiku wa pili?

Mteja wangu mgumu kuliko wote alikuwa msichana wa Kagera aliyefanya kazi kiwanda cha minofu, ambako walichuna sangara kutwa nzima wakiwa na mabuti meupe ya mpira. Alipita mezani kwangu kila siku, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Alisoma haraka, alidharau haraka zaidi, na ni yeye aliyenisaidia kujua ni kitabu gani nisinunue.

"Makaburi tena?" alisema siku moja, akikirusha kitabu mezani. "Dada, kwetu babu amezikwa migombani, hatua kumi kutoka jikoni. Tunaanika kahawa juu yake. Nimwogope nani?"

Kweli tupu. Hata kwetu Usukumani marehemu hatumpeleki mbali, tunaye pale pale nyumbani. Vitabu vya makaburi yenye ukuta na geti vilikuwa vinaandikiwa watu wengine. Nikaacha kuvinunua.

Siku nyingine akaniletea kile cha jumba la kifahari. "Vyumba kumi na viwili, mzimu mmoja! Na wenye nyumba wanahama! Sisi tumepanga chumba kimoja wasichana watano. Mzimu angekuja tungemwambia achangie kodi."

Nikaacha kununua vya majumba pia. Nikaacha na vile ambavyo mzimu hawezi kutokea mpaka radi ipige, kwa kuwa sisi ziwa letu linapiga radi bila kuleta mtu yeyote. Na nikimkuta mwandishi anasema "lilikuwa jambo la kutisha mno", nafunga kitabu hapo hapo na kukirudisha kwa mchuuzi. Muuzaji akikuambia nanasi ni tamu badala ya kukukatia kipande, lina walakini.

Nilihesabu pia kurasa, mara mbili, kwa sababu wachuuzi wa treni walikuwa na mikono mepesi. Kimoja kilinipita hivyo hivyo, kurasa za mwisho zimenyofolewa, na mzimu umebaki nyuma ya mlango haujakamatwa. Nikadhani nimekula hasara. Basi kikawa kinarudi asubuhi ya kwanza kila mara! Wateja waliniapia kwamba mwandishi wake ni hodari, anajua pa kuachia.

Sasa nieleze habari za jirani yangu, maana bila yeye hiki kisa hakipo.

Upande wa pili wa kijia, ukitazamana na meza yangu, bibi mmoja alikuwa na banda la kubanikia samaki. Tanuri la udongo, juu yake chanja cha waya, na yeye katikati ya moshi tangu asubuhi. Alitoka kijiji kimoja mbele ya Magu. Alikuja mjini na kapu moja na hakurudi tena kwao, na sababu yake aliisema mara moja tu, huku anachambua kuni, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amepika kwa kinyesi cha ng'ombe tangu utotoni, mumewe akafa, mtoto wa jirani akaugua, na watu wakaanza kumtazama machoni.

Asiyejua miaka ile ya kwetu nimwambie wazi. Macho mekundu ya bibi kizee hayakuwa ugonjwa, yalikuwa shtaka. Walikuwepo waliouawa kwa hilo, na kila mtu alikuwa na mmoja aliyemjua au aliyemsikia. Mwaloni palikuwa salama kwake kwa sababu macho yetu sote yalikuwa mekundu: moshi, upepo, jua linalorudi kutoka majini, na wengine gongo. Hakuwa na mali pale. Alichokuwa nacho ni kwamba watu walimsalimia. Asubuhi nzima ilikuwa shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, mwangaluka, mwangaluka, na kila aliyepita alipewa neno lake.

Msichana wa minofu ndiye alikuwa kipenzi chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo pia umevaa ndala? Utaumwa mgongo."

"Mabuti yako kiwandani, bibi."

"Waambie wakupe na ya kutembelea."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikiisikia nilijua ni muda wa kupanga vitabu.

Basi jamaa mmoja akaja kufungua banda la video mkabala na njia kuu. Jenereta, turubai, kipaza sauti kilichofungwa juu ya mti, na filamu za karate. Wateja wangu wakapungua. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kelele tu. Aliniita mama wa mizimu.

"Mama wa mizimu, funga duka! Kwangu mtu akipigwa teke unamsikia!"

"Kwangu wanapigwa moyoni, kaka. Kelele hamna."

Nilijibu hivyo, lakini nilijua nahitaji kitabu kimoja cha kuwarudisha watu. Kimoja cha kweli. Na mchuuzi wa treni akaniletea.

Kilikuwa na jalada la kijani, halina picha. Nikakisoma mezani, saa sita mchana, kuku wanapita miguuni na wachuuzi wa dagaa wanapiga kelele. Hadithi ya bibi kizee wa kando ya ziwa, mwenye macho mekundu, asiyeondoka kwenye moto wake. Anabanika. Hakuna anayejua anabanika nini. Watoto wanapungua kijijini mmoja mmoja, na mwandishi wala hasemi neno. Anakuonyesha chanja tu. Leo kitupu. Kesho kimejaa. Neno "kutisha" sikuliona popote, na nililitafuta.

Nikainua macho, na upande wa pili wa kijia bibi yangu alikuwa anageuza samaki kwa mkono mtupu, moshi umemfunika mpaka mabegani. Nikajikuta nahesabu vilivyo juu ya chanja chake. Nikahesabu tena. Ni mazoea yangu kuhesabu mara mbili, lakini siku ile sikuwa nahesabu mali. Nilikuwa nahakikisha ni samaki.

Huo ndio ubora wa kitabu kile, na ndio ubaya wake. Vitabu vingine vinakutisha na kitu ambacho hakipo. Hiki kilichukua kitu ulichokisalimia asubuhi kikakirudisha kwako kimebadilika.

Hata hivyo jioni ile nikampa msichana wa minofu. Bidhaa safi unaipeleka kwa mteja mgumu, ndipo ujue bei yake.

Asubuhi akakirudisha, umande haujakauka.

"Hakinitishi," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nipe cha bure."

Akachagua cha mapenzi. Tangu nimjue alikuwa hajawahi kugusa cha mapenzi. Nilikuwa bado nacheka kimoyomoyo nilipomwona anaondoka. Hakupita kijiani. Alizunguka nyuma ya nyavu zilizoanikwa, kwenye tope, na ndala zake, akatokea mbali kule kwenye mitumbwi.

Bibi aliweka kiganja juu ya macho, akatazama. "Yule mtoto anaumwa?"

"Haumwi, bibi."

"Labda amechelewa."

Kesho yake alizunguka tena, na mwenzake mmoja. Siku iliyofuata walikuwa watatu, wameshikana mikono kwenye tope kama wanaovuka mto. Bibi aliwaona. Alichochea moto uliokuwa hauhitaji kuchochewa, na nikaelewa kwamba anaijua njia hiyo. Kijijini kwake pia hakuna aliyeanza na panga. Walianza kwa kupita pengine.

Yule wa video naye akapata habari, maana wasichana wa minofu wana midomo. Akaja mezani amevaa miwani ya jua.

"Mama wa mizimu, nasikia una kitabu cha bibi wa ziwani. Kile kinachofanana na..." Akaelekeza kidevu upande wa moshi. "Niuzie. Nakisoma kwenye kipaza sauti kila jioni, kipande kipande, kabla ya karate. Watajaa mpaka barabarani."

"Hakiuzwi."

Akataja bei.

"Hakiuzwi, kaka."

Akaongeza. Nikatikisa kichwa. Akaongeza tena, akavua miwani. "Wewe mwanamke unajua biashara! Haya, sema yako."

Sijawahi kupewa bei nzuri kama ya kitu ambacho sikuwa nakiuza. Kadiri nilivyokataa ndivyo alivyonisifu. Nilimtazama, nikakitazama kipaza sauti kule juu ya mti, nikapiga hesabu ya mahali sauti ile inapofika. Inafika mpaka kiwandani. Inafika mpaka kwenye vyumba vya kupanga ambako watoto wanaugua homa kila msimu wa mvua, na ambako mama aliyekesha anatafuta wa kumlaumu.

"Rudi Jumamosi," nilimwambia. "Nitakupa kingine."

Alipoondoka, bibi akaniita. Nilivuka kijia.

"Mjukuu wangu, hicho kitabu kina nini?"

Sikuwa na haja ya kumdanganya. "Kina bibi anayebanika."

"Ana macho?"

"Mekundu."

Akaguna. "Nisomee."

"Kitasomwa, bibi. Ila si na mimi."

Jioni msichana wa minofu akaja kwa kuzunguka, kurudisha kitabu chake cha mapenzi. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno.

"Mdogo wangu, ulichukua cha bure kwa kusema kile cha kijani hakikukutisha. Mimi sijaona. Chukua, nenda kakisome pale kwa bibi, kwa sauti. Ukimaliza sura mbili hujatetemeka, cha bure ni halali yako, na nakupa kingine. Ukishindwa, sema hapa mbele za watu kwamba kimekutisha."

"Kwa bibi? Kwa nini kwa bibi?"

"Kwani kuna nini kwa bibi?"

Wauza dagaa walikuwa wamegeuka kutusikiliza. Mmoja akamchokoza, "Wa Kagera, si mmesoma nyie? Au mizimu haikuwa kwenye mtaala?" Hapo nilijua nimeshinda. Alinyakua kitabu, akavuka kijia, akasimama mbali kidogo na tanuri.

"Kaa," bibi alimwambia, akimsukumia kigoda. Salamu haikutolewa, na bibi hakuidai.

Akaanza kusoma. Sauti ilikuwa nyembamba mwanzoni. Jioni upepo wetu unatoka ziwani, kwa hiyo moshi wote ulimwendea yeye.

"Anabanika kwa kuni gani?" bibi aliuliza katikati ya sentensi.

"Haijaandikwa, bibi."

"Mtu anabanika kutwa nzima, kuni hazitajwi? Endelea."

Akaendelea. Bibi akamkatiza tena. "Amegeuza?"

"Amegeuza nini?"

"Hivyo vilivyo juu ya chanja. Tangu umeanza kusoma hajageuza hata mara moja. Vitaungua! Huyo aliyeandika hajawahi kubanika hata furu mmoja."

Wauza dagaa wakaangua kicheko. Msichana naye akacheka, akakohoa moshi, akasogeza kigoda karibu ili aone vizuri maandishi. Sura ya kwanza ikaisha namna hiyo, kila pa kutisha pakikaribia bibi anauliza kuhusu kuni.

Sura ya pili ilikuwa ya wanakijiji. Mwandishi anaeleza jinsi walivyoacha kumsalimia yule bibi, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alijifanya hakumwona. Wa pili alibadilisha njia. Sauti ya msichana ilianza kupungua mwendo. Bibi hakumkatiza. Wauza dagaa pia walitulia, na nilisikia samaki wakichuruzisha mafuta kwenye moto. Msichana alifika mwisho wa ukurasa ule akabaki ameushika.

"Hapo pananitisha," bibi alisema.

"Wapi, bibi?"

"Hapo wanapoacha kumsalimia. Huko kwingine kote ni hadithi tu."

Msichana alijifuta uso kwa kanga, akafumbua macho, na yalikuwa mekundu kama nyanya, kwa moshi, na sidhani ni moshi peke yake. Bibi akamwinamia, akamkagua jicho moja, kisha la pili.

"Ehe! Mchawi mwenzangu," alisema. "Shikamoo."

"Bibi jamani! Usiniamkie!"

"Nikuamkie mimi, maana kwa macho hayo nani mwingine atakusalimia?"

Msichana alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga magoti pale pale kwenye majivu. "Shikamoo bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka, unachafua kanga."

Alivuka kijia akaniwekea kitabu cha kijani mezani. "Kimenitisha, dada."

"Sema kwa sauti, mkataba ni mbele za watu."

"KIMENITISHA!" alipiga kelele, na wauza dagaa wakampigia makofi. Kisha akaniambia taratibu, "Wale wenzangu nitawaambia mimi."

Nilimwuliza bibi kama tukichome. Alikataa katakata. "Si kwenye tanuri langu. Samaki watanuka gundi." Nikakitia chini kabisa ya sanduku langu, na kipo mpaka leo, kitabu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kuvishika, na kimesomwa na mteja mmoja. Kama biashara, ni hasara. Nimeipiga hesabu mara mbili na sibadilishi.

Jumamosi yule wa video alikuja, nikamuuzia kile kisicho na kurasa za mwisho, kwa bei karibu sawa na ile aliyoitaja mwenyewe kwa cha kijani. Alikisoma kwenye kipaza sauti siku nne mfululizo. Ya mwisho watu waligombana mpaka karate ikachelewa, kila mmoja ana mwisho wake, na wengi waliishia mezani kwangu kuuliza kama nina nakala nzima. Niliwaambia mwandishi aliachia hapo makusudi. Wakakodisha vingine.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Asubuhi iliyofuata kusoma kule niliwahi mwaloni, nikakung'uta meza, nikajifanya napanga vitabu. Bibi alikuwa amewasha moto na amegeukia ziwani, mgongo umeelekea njia. Nikaona ndala, nikaona nyingine. Walikuwa watatu. Walifika pale nyavu zinapoanzia, wale wawili wakasita, na wa mbele akawavuta mikono.

"Shikamoo bibi."

Bibi hakugeuka upesi. "Marahaba. Na hao wenzako hawana midomo?"

"Shikamoo bibi," walisema wale wawili, kwa pamoja.

Jioni walipita tena, nikasikiliza tena. Walisalimia.